Uko Berlin na hujui pa kuonea sanaa? Anzia mtaani kwako

Haupiti mwezi sijapata meseji ya namna hii. Mtu kafika Berlin, ana miezi mitatu minne, kazini nyumbani, kazini nyumbani, Jumapili ndo kabisa maduka yamefungwa, baridi imebana, anauliza dada hivi huku watu wanaendaga wapi? Na jibu langu ni lilelile siku zote, nenda kaangalie sanaa. Wengi wakisikia hivyo wanadhani nawatuma kwenye yale majumba makubwa ya watalii, ulipe kiingilio, utembee masaa manne, urudi na miguu inauma hukumbuki hata kitu kimoja. Hapana jamani, huko utaenda baadaye. Unaanza na sehemu ndogo za mtaani kwako, za bure, ambazo ukienda mara tatu mlangoni wanakukumbuka.

Mimi naishi Wedding, mtaa wa hapahapa Berlin, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwa shifti, kwa hiyo haya nayoandika ni ya mtu mwenye muda mchache na hela ya kuhesabu. Naongelea Berlin kwa sababu ndo ninakokujua, miji mingine nitaigusa huko chini.

Hatua ya 1: jua maneno ya kwenye mabango

Kijerumani chako kinaweza kuwa bado kichanga, haina shida, kwa kazi hii maneno machache yanatosha. Ausstellung ni maonyesho. Eintritt frei ni kuingia bure, hilo likariri kama jina la mama yako. Ermäßigt ni bei iliyopunguzwa, wanapata wanafunzi, wasio na kazi, sehemu nyingine na wazee, ila uwe na karatasi ya kuonyesha. Vernissage au Eröffnung ni jioni ya ufunguzi, Finissage ni siku ya kufunga, na siku ya kufunga mara nyingi msanii anakuwepo, watu wengi hawalijui hili. Führung ni kutembezwa na mtu anayeeleza. Öffnungszeiten ni saa za kufungua, angalia hapo kabla hujapanda treni.

Mabango yenyewe utayakuta kwenye ile minara minene ya mviringo iliyobandikwa matangazo pembeni mwa barabara, inaitwa Litfaßsäule. Ilianza hapahapa Berlin mwaka 1855, ya bwana mmoja mwenye kiwanda cha kuchapa, Ernst Litfaß, ambaye alichoka kuona matangazo yanabandikwa hovyo kwenye kila ukuta na mti. Mimi hadi leo nikisubiri basi naizunguka taratibu nasoma, nikiona kitu napiga picha na simu. Maonyesho mengi niliyoyapenda niliyapata hivyo, hayakutoka kwenye apu yoyote.

Hatua ya 2: itafute galeri ya wilaya yako

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, ukiiruka umeruka kila kitu. Berlin ina wilaya 12, na wilaya zina galeri zao zinazoendeshwa kwa hela ya umma, wanaziita Kommunale Galerien. Mji mzima ziko zaidi ya 30 na zote ni bure. Siyo bure ya Jumapili moja, ni bure kila siku wanayofungua. Andika kwenye simu "kommunale Galerie" halafu jina la wilaya yako, utaona.

Kwangu ni Galerie Wedding, iko Müllerstraße karibu na Leopoldplatz, kwenye jengo la ofisi za wilaya, ina vioo vikubwa mbele. Mimi nilipita mbele ya vile vioo miezi kama saba naenda na kurudi nikidhani ni ofisi, siku moja mvua ikanikamata nikaingia, ndani kuna dada mmoja amekaa mezani akanisalimia tu akaendelea na kazi yake, hakuna aliyeniuliza tiketi wala nimetokea wapi. Nilikaa kama nusu saa. Kwa mtu ambaye wiki nzima kila mlango alioingia aliulizwa karatasi, ile nusu saa ilinipa pumzi.

Ukiwa Kreuzberg nenda Kunstraum Kreuzberg, iko ndani ya jengo la Bethanien pale Mariannenplatz. Jengo zamani lilikuwa hospitali, korido ndefu, dari ziko juu, na duka lao la dawa la zamani bado lipo na makabati yake ya chupa, mwandishi Theodor Fontane alifanyia kazi humo enzi zake za mfamasia kabla hajajulikana. Mariannenplatz kiangazi watu wamejaa kwenye majani, kwa hiyo hata kama maonyesho hayakukugusa siku haijapotea.

Ukishaijua ya kwako, jiandikishe barua pepe zao. Zinakuja chache, wala hazisumbui. Kutoka hapo utaona majina ya galeri nyingine ndogo, moja inakupeleka kwa nyingine.

Hatua ya 3: nenda jioni ya ufunguzi, hata ukienda peke yako

Najua hapa ndo watu wanaogopa. "Sijaalikwa." Huhitaji kualikwa! Kama imeandikwa kwenye mtandao wao au kwenye bango kwamba Eröffnung ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, basi umealikwa wewe na mji mzima. Unaingia, unavua koti, unaangalia kazi, pembeni kuna bia na mvinyo na soda, sehemu nyingine ni bure nyingine unaweka sarafu kwenye kopo. Kuvaa vizuri siyo lazima, utawakuta watu wametoka kazini na viatu vina rangi.

Sasa la kuongea. Nilikuwa nasimama kama nguzo hadi nilipogundua swali moja linalofungua mdomo wa msanii yeyote, muulize hiki umetengeneza na nini. Usimuulize inamaanisha nini, hapo unampa kazi ya kujieleza mbele ya mgeni na wewe utapewa sentensi ndefu ambayo haikusaidii. Muulize kuhusu mikono yake, umechemsha, umeshona, umepiga nyundo, imechukua siku ngapi, hapo ataongea mpaka umwambie samahani nawahi treni.

Na huko ndiko nilikopata watu. Jioni moja nimetoka nje kupokea simu ya nyumbani Tanga, nakata tu simu nasikia nyuma yangu kaka mmoja anauliza "dada, unatokaka wapi?" Mtu wa Bukavu, alikuja kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa anaonyesha picha humo ndani. Tulisimama kwenye baridi kama dakika arobaini tunacheka kila mmoja na Kiswahili chake, na mpaka leo ndo anayeniambia wapi kuna nini wikiendi. Mtandao hauwezi kukupa hiki.

Galeri za biashara nazo ziingie usiogope, zile za kuuza. Ziko nyingi mtaa wa Potsdamer Straße, nyingine Auguststraße na Linienstraße kule Mitte, nyingine Charlottenburg. Kuingia ni bure, kawaida Jumanne mpaka Jumamosi. Zingine mlango umefungwa unabonyeza kengele, bonyeza tu, wamezoea. Hakuna anayekutegemea ununue. König Galerie iko ndani ya lililokuwa kanisa la St. Agnes, jengo la zege tupu, kuta nzito hazina madirisha ya kuonekana, ukiingia unajikuta umeshusha sauti mwenyewe bila kuambiwa.

Hatua ya 4: weka kalenda ya mwaka kwenye simu

Kuna siku ambazo mji mzima unafungua milango, ziandike mapema uombe shifti yako ibadilishwe.

Mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei ni Gallery Weekend, ilianza 2005, galeri kubwa zinafungua maonyesho mapya wikiendi moja, bure. Juni kuna 48 Stunden Neukölln, hii ipo tangu 1999 na ndo ya watu hasa, kazi zinawekwa kwenye makanisa, uani, sebuleni kwa watu, kwenye maduka, unatembea tu na ramani. Agosti ni Lange Nacht der Museen, usiku mrefu wa makumbusho, wazo hili lilizaliwa Berlin 1997 kisha miji mingine ikaiga, tiketi moja unaingia kila mahali mpaka usiku wa manane. Septemba ni Berlin Art Week.

Ila mimi ukiniambia nichague moja tu nachagua Rundgang. Hiyo ni ya Julai, vyuo vya sanaa, UdK na kile cha Weißensee, vinafungua madarasa na studio kwa siku chache, wanafunzi wanaonyesha kazi za mwaka, hulipi kitu. Unapanda ngazi unaingia chumba hiki unatoka unaingia kingine, hiki kina video, kile kina mtu anachonga, kingine mtu amelala chini ndo kazi yenyewe. Mwaka juzi nilifungua mlango mmoja nikakutana na harufu ya vitunguu, vitunguu kabisa kama jikoni wakati wa kuanza pilau. Mwanafunzi mmoja alikuwa ametundika mashuka makubwa kutoka darini, yote rangi ya njano iliyokolea, mengine ya kahawia kama chai ya rangi, yametiwa rangi kwa maganda ya vitunguu aliyokuwa anaokota sokoni jioni wakifunga. Vidole vyake bado vilikuwa na njano kwenye kucha. Nikamwambia kwetu bibi yangu alikuwa anatia rangi ukili hivyohivyo, na mizizi na magome, kabla ya kusuka mkeka. Akaacha wageni wengine wote akachukua karatasi anataka kujua mti gani, unachemshwa muda gani. Nilimpigia mama palepale tukamuuliza. Hii ndo sababu nawaambia msijione wageni mbele ya sanaa, mnaingia na vitu mnavyovijua.

Hatua ya 5: tafuta yanayotuhusu sisi

Wedding kuna SAVVY Contemporary, ilianzishwa 2009 na Bonaventure Soh Bejeng Ndikung, mzaliwa wa Kamerun. Pale unakuta maonyesho, muziki, mazungumzo, watu wanabishana mpaka usiku kuhusu Afrika na Ulaya na nani anaandika historia ya nani. Tangu 2023 Ndikung anaongoza Haus der Kulturen der Welt, lile jumba karibu na bunge lenye paa lililojikunja ambalo wenyeji wanaliita chaza mwenye mimba, lilijengwa 1957. Angalieni ratiba yao mara kwa mara, wasanii wa kwetu wanapita sana pale.

Halafu kuna Humboldt Forum, ile kasri katikati ya mji. Ghorofani ndiko ziliko kazi za makumbusho ya watu wa dunia, na humo kuna vitu vingi kutoka Tanganyika ya wakati wa Wajerumani, vingine vilichukuliwa kwenye vita ya Maji Maji ya 1905 mpaka 1907. Mwishoni mwa 2024 walifungua maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya kwetu. Ukienda huko nenda na mtu, msiende na haraka, na mkitoka mkae mahali mnywe chai muongee. Siyo sehemu ya kupita unapiga picha. Unaposoma kibao kinakutajia jina la sehemu unayoijua, mwaka, na jina la afisa aliyekileta, lakini jina la fundi aliyechonga halipo, inauma na ni haki iume.

Na hii siyo sanaa ila siwezi kuiacha: Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe. Ukumbi wa kwanza tu unakutana na mifupa ya mjusi mkubwa, Giraffatitan, urefu wa kwenda juu mita 13.27. Huyo ni wa Lindi. Walimchimba Tendaguru kati ya 1909 na 1913, mamia ya wazee wetu ndo waliochimba na kubeba mifupa kichwani siku kadhaa kwa mguu mpaka bandarini, na msimamizi wao mkuu kwenye machimbo alikuwa Boheti bin Amrani. Lishike hilo jina. Mpeleke mtoto wako umsimamishe chini ya ule mguu wa mbele umwambie huyu ametoka kwetu na aliyemtoa ardhini anaitwa nani.

Ukiwa upande huo wa kaskazini pita pia mtaa wa Waafrika, Afrikanisches Viertel, kuna Sansibarstraße na Tangastraße, na Agosti 2024 sehemu ya iliyokuwa Petersallee ilibadilishwa kuwa Maji-Maji-Allee. Kutembea tu hapo ni maonyesho tosha.

Hatua ya 6: sasa nenda kwenye makumbusho makubwa, kwa akili

Kwanza mambo ya vitendo. Kwenye mtandao bado kuna maandishi mengi yanasema Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho Berlin ni bure. Iliisha mwisho wa 2024, bajeti ilikatwa, msifunge safari na watoto kwa habari ya zamani. Ila kwenye makumbusho ya serikali walio chini ya miaka 18 wanaingia bure. Pergamonmuseum imefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati, sehemu moja imepangwa kufunguliwa 2027, upande wenye lile lango la bluu la Babeli ni mpaka 2037, kwa hiyo kama ulikuwa unaitaka hiyo basi subira. Siku za kufunga nazo hazifanani, makumbusho ya serikali mengi yanafunga Jumatatu, Humboldt Forum na lile jumba la maonyesho la Gropius Bau ni Jumanne. Beba sarafu ya euro moja na ya mbili kwa ajili ya kabati la begi, maana begi la mgongoni hawakuruhusu. Picha bila mwanga wa flashi, usiguse kitu, na usisogeze pua karibu sana, mlinzi atakuja.

Halafu sheria yangu moja: kazi tatu tu. Ukiingia zunguka haraka kwanza, chagua tatu, zirudie, kila moja ipe dakika kumi, kama kuna benchi kaa. Zilizobaki ziache zitakusubiri. Mtu anayeangalia picha mia mbili hajaangalia hata moja.

Ukienda Alte Nationalgalerie kaangalie picha ya Caspar David Friedrich ya mtawa kando ya bahari, aliichora kati ya 1808 na 1810. Ni anga, yani karibu yote ni anga ya kijivu nzito, chini kuna ukanda mwembamba wa bahari nyeusi, halafu mchanga mweupe, na pale mchangani kamtu kamoja kadogo kamesimama. Hakuna hata ngalawa moja. Mimi nimekulia Tanga, bahari kwangu ni kelele, ni wavuvi, ni kina mama wanagombania dagaa, ni watoto wanarukia maji kutoka gatini, sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuichora bahari ikiwa kimya hivi na peke yake hivi. Ilikuwa mwezi wa pili, giza saa kumi na moja jioni, sina mtu. Nilikaa pale nikamwelewa yule mtawa, na nikawaelewa kidogo na wenyeji wangu pia, kwa nini wanapenda kutembea peke yao kwenye baridi. Nimeirudia ile picha kama mara sita.

Hatua ya 7: walio miji mingine

Njia ni ileile. Ujerumani karibu kila mji una Kunstverein, chama cha sanaa cha wenyeji, kitafute hicho kwanza. London makumbusho ya taifa ni bure kwa mikusanyiko yao ya kudumu tangu 2001, na mkiwa huko fuatilieni kazi za Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda Turner Prize 2017. Paris makumbusho ya manispaa kama Petit Palais na Carnavalet ni bure kwa mikusanyiko ya kudumu, Orsay ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi ila unabuki mapema. Uholanzi mkiishi huko nunueni Museumkaart, ukiingia mara chache tu imerudisha hela yake.

Hatua ya 8: ipeleke sanaa nyumbani

Hii watu hawaniamini nikiwaambia. Kuna maktaba za picha. Siyo vitabu vya picha, picha zenyewe, za wasanii wa kweli, zimewekwa fremu, unaazima unaenda kutundika kwako miezi kadhaa halafu unarudisha. Inaitwa Artothek. Mimi naenda ya n.b.k., chama cha sanaa cha Berlin, iko Chausseestraße, wana kazi karibu 4,000, nenda na pasi na karatasi yako ya Anmeldung, ile ya kuandikisha unapoishi, unalipa ada ndogo tu. Miji mingine ya Ujerumani nayo inazo.

Mara ya kwanza nilikaa humo saa nzima, picha zimepangwa wima kama sahani kwenye kichanja, unazivuta moja moja. Nikachagua ndogo, nyeusi na nyeupe, ni mstari wa miti tu na theluji. Nikaifunga kwenye kitenge nilichokwenda nacho, nikapanda treni ya U6 nimeikumbatia, watu wanapisha. Chumba changu ni cha mita kumi na nne, nikaitundika juu ya meza ya kulia, jirani yangu bibi wa Kituruki alipoleta chakula akasimama akaiangalia mpaka mkono wa sahani ukachoka.

Nimeshaazima nane mpaka sasa. Ya sasa hivi ni nyekundu tupu, siku ya kwanza haikunipendeza hata kidogo, sasa hivi asubuhi nikinywa chai naangalia hiyo kabla ya simu. Narudisha wiki ijayo Alhamisi baada ya shifti, mwenye kutaka twende wote aniambie, ila uje na kitenge au shuka la kufungia.